Joho la kupinda muda: upindo wake unashonwaje?

Jukwaa_Naks (Nakuru)
Wadau hamjambo. Natafuta ushauri wa joho la mchezo wa kuigiza. Mvaaji akishika ukosi, muda unasimama. Akizunguka, unaenda polepole. Akitembea kinyumenyume, unarudi. Vipimo: shingo sm 44, urefu kutoka shingoni sm 110. Kitambaa ni shifoni nyeusi ya upana wa sm 150. Nimepanga kuzungushia upindo wote utepe wa taa na kutia washa za chuma (visahani vyenye tundu vya kuwekwa chini ya nati) ili uwe mzito. Mwishoni joho lidondoke lenyewe, nafikiria velkro. Nakosea wapi?

Fundi_Kibuye (Kisumu)
Unakosea upindoni. Nguo ya kupinda muda, kazi ni kwenye kupinda kwenyewe!

Kata nusu duara. Gawa 44 kwa 3.14 upate sm 14, hiyo ndiyo nusu kipenyo ya shingo. Tafuta katikati ya ukingo wa kitambaa, funga chaki kwenye uzi usiovutika, chora tao la sm 13 (umeacha 1 ya mshono), kisha tao la sm 125 (14, 110 za urefu, na 1 ya upindo). Mita 2.6 zinatosha, na upana wa 150 unabakiza.

Usipinde siku hiyohiyo. Tundika joho saa 24. Sehemu zilizokatwa mshazari zitanyooka na kushuka kuliko nyingine, kwa hiyo ukipinda mapema, kesho upindo una mawimbi. Likishatulia, livalishe mtu, pima kutoka sakafuni kuzunguka, punguza kilichozidi, ndipo upinde mm 5 mara mbili. Sindano namba 9 au 11. Namba 16 huvuta nyuzi na kuacha mistari. Shifoni ikimezwa na cherehani, weka karatasi nyeupe chini yake, shona, kisha ichane. Gazeti usiguse, wino unahamia kwenye nguo.

Washa ziondoe kabisa. Shifoni nyepesi huzuiwa na hewa, hushuka taratibu baada ya mzunguko, na huo ndio "polepole" wako. Ukiipa uzito inaanguka kama gunia.

Mama_Bitana (Kakamega)
Naunga mkono, ila washa usizitupe. Muda ukisimama, anayeganda si mvaaji, ni wenzake. Ukumbi ukiwa na feni, mwigizaji ameganda vizuri lakini leso yake inapepea, na watazamaji wanacheka. Kwa hiyo washa za M8 (za boliti ya mm 8) ziende kwenye mapindo ya wenzake, moja kila sm 8, kila moja ndani ya kifuko chake kilichoshonwa pande zote. Ukiziachia huru zitakusanyika pembeni na kulialia kama njuga. Za risasi za kuvulia samaki msitumie, risasi ni sumu na nguo hizo zinashikwashikwa.

Waya_Moto (Kisumu)
Hesabu ya taa, fundi. Upindo wa nusu duara hilo ni karibu mita 3.9. Utepe wa taa 60 kwa mita ni taa 234. Zile za kubadilika rangi, za volti 5, kila moja hula hadi miliampea 60 ikiwaka nyeupe kabisa. Hiyo ni ampea 14, na pawabenki ya kawaida hutoa 2. Itajizima au ichemke. Tena utepe haupendi kukunjwa: shaba hukatika palipo na solda, na taa zote zinazofuata hufa.

Weka nusu mita tu ndani ya ukosi, taa 30, mwanga theluthi moja. Hapo ni kama ampea 0.6. Ukipunguza sana, pawabenki nyingi hudhani hakuna kifaa na kujizima katikati ya tukio. Rezista (kipunguza umeme) ya omu 330 kwenye waya wa data, ule unaopeleka amri za rangi kwenye taa, viungo vifunikwe, pawabenki ikae kiunoni. Waya wa kwenda kiunoni uwe na plagi inayochomoka kwa mvuto mdogo, la sivyo joho likidondoka na kunasa kwenye waya, litaning'inia.

Jukwaa_Naks
Asanteni. Na kurudi nyuma? Akirudi, joho linamwingia miguuni.

Fundi_Kibuye
Lazima, maana kitambaa hubaki nyuma ya mwendo. Funga nailoni ya kuvulia samaki, nyembamba, kutoka katikati ya upindo wa mgongoni hadi kwenye pete ya kidole cha kati. Avute kwanza, upindo uinuke, ndipo apige hatua. Mtazamaji anaona nguo ikipanda kabla ya mtu kusogea.

Velkro hapana, inalia "chraaa" ukumbi mzima. Shona vitanzi vya utepe wa satini kila sm 4, kimoja ukosini (unaobaki shingoni), kingine johoni (linalodondoka), kwa zamu. Pitisha nailoni nene ya mm 0.8 katikati yao, mwisho wake uwe na kishikio begani. Ikivutwa, vyote vinaachia. Inakwama vitanzi vikibana au nailoni ikiwa na kunyanzi. Ukosi wenyewe ufungwe mbele kwa kifungo cha kubana kinachoachia, mtu asinyongwe.

Mama_Bitana
Kama mgongoni mtadarizi saa, angalieni mishale. Mwigizaji akisema "saa tatu asubuhi", mshale mfupi uwe kwenye 9, si 3. Kosa hilo linaonekana hadi viti vya nyuma.

Waya_Moto
Halafu mtu akitoka Nakuru kuja Kisumu, jua linamchelewesha kama dakika 5 bila joho lolote, maana sisi tuko magharibi zaidi. Mwandishi wenu anaweza kuitumia hiyo.

Jukwaa_Naks
Ataipenda. Swali la mwisho: pasi?

Fundi_Kibuye
Moto wa chini kabisa, kitambaa cha pamba juu yake. Shifoni ya poliesta ikikutana na pasi yenye moto mkali inayeyuka na kunata kwenye pasi.