Ushuru wa mitumba ukipanda, anayeulipa hasa ni nani?

Mwanafunzi wa Uchumi:
Wanajukwaa, heshima kwenu. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Wengine husema mzigo huo humwangukia muuzaji wa nje, ilhali mwalimu wangu anashikilia kuwa ni mnunuzi wa ndani. Naomba ufafanuzi.

Muuza Belo, Dar es Salaam:
Ndugu yangu, chukua belo la kilo 45, kama haya tunayoyafungua alfajiri pale soko la Karume. Kwa kiwango cha zamani lingedaiwa dola 9. Kwa kipya, dola 112.50. Fedha hizo hulipwa forodhani kabla kamba haijakatwa, wala hakuna ajuaye kama ndani mna mashati ya gredi ya kwanza au matambara, kwa kuwa mzani haubagui. Ndiyo maana nguo ya bei ya chini huumia zaidi: fulana iliyochakaa hulipiwa sawa na fulana safi ya uzito uleule. Anayeanza kulihisi hilo ni mama anayemtafutia mtoto nguo, na jambo hili linanisikitisha kila nikilifikiria.

Mchumi wa Forodha:
Mwalimu wako yuko sahihi kwa sehemu kubwa. Rwanda ni soko dogo, hivyo belo likikosa kuingia Kigali hupelekwa Kampala au Nairobi, na muuzaji wa nje halazimiki kupunguza bei. Hali ilikuwa tofauti Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokubaliana, mwaka uleule wa 2016, kuondoa mitumba ifikapo 2019, kwani soko la nchi zote kwa pamoja lina uzito. Wauzaji wa Marekani walilalamika kwa serikali yao mwaka 2017. Kenya ikajitoa, Tanzania na Uganda zikafuata, Rwanda ikabaki peke yake. Julai 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafasi ya kuingia Marekani bila ushuru chini ya AGOA, sheria ya Marekani ya kuzipa nchi za Afrika nafasi hiyo.

Mwanafunzi wa Uchumi:
Ahsanteni. Je, viwanda vya ndani havikupunguza bei?

Mchumi wa Forodha:
Mshindani akipandishiwa gharama, kiwanda cha ndani hakina sababu ya kushusha bei. Aidha, pengo la mitumba huzibwa pia na nguo mpya za bei nafuu kutoka China, ambazo cherehani za ndani bado zinapata taabu kushindana nazo.