Zimebaki siku tatu safari yangu ya peke yangu iishe, niunge usiku kucha mpaka nyumbani au nimalizie taratibu?

mguu_na_tairi
Wakuu habari zenu. Leo ni siku ya 38 niko njiani peke yangu, mtindo wangu ni naendesha mpaka sehemu, napaki gari, nabeba begi na hema natembea siku mbili tatu halafu narudi kwenye gari naendelea mbele. Nilipanga siku 41. Nyumbani imebaki kama kilomita 1,150 na katikati kuna njia moja ya mlimani niliyoiweka moyoni tangu siku ya kwanza, unapanda leo unalala juu unashuka kesho.

Sasa tangu juzi kuna kitu kimebadilika, mwili uko huku akili ishafika nyumbani. Asubuhi nafungua zipu ya hema naona ukungu umelala bondeni, wiki ya pili ningekaa saa nzima naangalia, saa hizi nakunja hema fasta kama mtu aliyechelewa kazini. Halafu hapo hapo nikikumbuka zimebaki siku tatu tu nasikia uchungu wa kweli. Jana giza limeingia niko nyuma ya usukani nikawa nawaza niwashe tu niunge moja kwa moja, kesho mchana niko kitandani kwangu. Sikuwasha, ila usiku wa leo sijiamini. Goti la kushoto linauma nikishuka mteremko, nguo zote zina unyevu. Mliowahi kufika hapa mlifanyaje? Na ile njia ya mlimani niiache?

spea_moja
Mkuu usiwashe hilo gari usiku, mengine yote tutajadili baadae.

Kwenye mwendo wa 100 gari linakula karibu mita 28 kila sekunde, ukipitiwa na usingizi sekunde tatu tu umeshaenda zaidi ya mita 80 na hakuna mtu kwenye usukani. Mwili una saa yake, kuanzia kama saa nane usiku mpaka alfajiri unataka kulala hata kama wewe hutaki, na mchana kuanzia saa nane hivi unalegea tena. Ukishakaa macho masaa 17 unaendesha kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, na kuna nchi nyingi hicho kiwango tu kinakutosha kukamatwa. Kushusha kioo na kufungulia muziki hakusaidii, inakupa dakika chache unajiona uko sawa na hapo ndo pabaya. Kinachosaidia ni kulala basi. Ukizidiwa njiani toka barabarani sehemu salama, kunywa kahawa halafu lala dakika 20 hapo hapo, kahawa inachukua kama nusu saa kufanya kazi kwahiyo unaamka nayo inaanza kuingia.

Naongea hivi kwa sababu usiku wa mwisho wa safari yangu niliunga. Sikumbuki nilivyofumba macho, nakumbuka sauti ya kokoto chini ya tairi za kushoto na nguzo ya alama za barabarani inakuja. Nilirudisha gari nikasimama nikatetemeka mpaka kukapambazuka. Ukiwa na mwenzio atakwambia umeanza kuyumba, peke yako hayupo wa kukwambia, na siku za mwisho ndo umechoka kuliko siku zote ila hujioni kwa sababu umeshazoea kuchoka.

hema_la_kijani
Naungana na spea_moja asilimia mia. Mimi naongezea kuhusu huo uchungu maana umenigusa.

Kuna jaribio mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walilitoa 1993, watu waliweka mkono kwenye maji ya baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60, halafu awamu nyingine sekunde 60 zile zile zikaongezwa 30 ambazo maji yanapashwa kidogo mpaka nyuzi 15. Walipoambiwa wachague ya kurudia wengi wakachagua ile ndefu, yani maumivu yalikuwa mengi zaidi ila mwisho ulikuwa laini. Kumbukumbu inabeba kilele na mwisho, urefu wa katikati haiuhesabu sana. Kwahiyo hizi siku tatu zina uzito mkubwa kwenye utakachokuja kukumbuka miaka ijayo, usizitumie kukimbia.

Lakini sisemi upande mlima na hilo goti! Mteremko ndo unaotafuna goti, na huko juu lazima ushuke na begi zima mgongoni. Nenda kipande cha chini tu asubuhi, chupa ya maji na fimbo, kaa, rudi.

narudi_kesho
Mimi tofauti kidogo. Nilikatisha safari siku nne kabla na sijutii hata kidogo, nilikuwa nimeshiba. Kutamani nyumbani sio kosa, ukitaka kwenda nenda ila gawa mara mbili na uendeshe mchana.

kamba_na_kigingi
Leo kabla ya lolote anika hema na begi la kulalia, hema likikaa limefungwa na unyevu siku chache tu kwenye buti linaota ukungu na ile harufu haitoki. Viatu usivisogeze kwenye moto, gundi inaachia. Upepo wa tairi pima asubuhi zikiwa baridi, zikishatembea namba inapanda inakudanganya.

mguu_na_tairi
Asanteni sana, sana. Jana nilizima taa nikalala saa tatu, nimeamka saa mbili asubuhi, masaa 11 mfululizo, sikujua nimechoka kiasi hicho. spea_moja ile sauti ya kokoto ndo ilinilaza.

Hema liko juu ya boneti linakauka, soksi ziko kwenye vioo vya pembeni. Naendesha nusu siku tu mpaka chini ya mlima. Kesho asubuhi natembea bila begi kubwa mpaka pale kijito kinapokata njia halafu nageuza, mchana naanza kuendesha, jua likizama nalala popote nitakapokuwa, na kilomita zilizobaki namalizia keshokutwa. Ukungu bado uko bondeni. Nimekaa nauangalia tangu nilipoamka.