Tupeane uzoefu: jina Murphy wewe ulikutana nalo wapi?

Nesi wa Tanga

Wadau habari za saa hizi. Mi niko Cork, kusini mwa Ayalandi, mwaka wa tatu huu nafanya unesi, na kitu kilichonishangaza huku kuliko hata baridi ni jina Murphy. Kuna wiki wodini tulikuwa na kina Murphy wanne kwa mpigo na wawili kati yao wote Mary, usiku mafaili yakapishana, nashukuru Mungu nilisoma tarehe ya kuzaliwa kabla sijatoa dawa, nilitetemeka mpaka shifti ikaisha. Asubuhi nikamuuliza mwenzangu mwenyeji, hivi hawa wote ndugu? Akasema wala, ndo jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote Ayalandi, na Cork ndo usiseme, vijijini wanatenganishana kwa kutaja baba na babu, Mary wa Dan wa Mike. Nkamwambia mbona hivyo ndo kwetu kabisa, Mwanaidi wa Salimu wa Bakari! Ndo akaniambia kwa Kiayalandi jina lenyewe ni Ó Murchadha, hiyo Ó ni "mjukuu wa", na Murchadh lilikuwa jina la mtu enzi hizo, maana yake kama shujaa wa baharini. Ile ch inasomwa kh, kama kheri. Tokea siku hiyo nalipenda hili jina. Wenzangu mnalijuaje? Leteni.

Fundi Fezi

Sisi mafundi tunalijua kwa sheria ya Murphy, kwamba kama kitu kinaweza kufungwa vibaya basi kuna siku kitafungwa vibaya. Huyo alikuwa injinia Mmarekani, Edward Murphy, 1949 kwenye kambi ya jeshi la anga ambayo sasa inaitwa Edwards, California, walikuwa wanapima mwili wa binadamu unastahimili vipi kusimamishwa ghafla kwenye kigari cha roketi, inasimuliwa kwamba vipimo vilifungwa kinyume vikasoma sifuri. Mimi yamenikuta Singida, kisima cha kijiji, pampu ya fezi tatu, tukabadilisha nyaya mbili bila kujua, inazunguka kinyumenyume na maji hayatoki ya maana, kina mama wamekaa na ndoo tokea asubuhi. Siku hizi sishushi pampu kisimani bila kuandika alama kwenye kila waya, na vijana wangu nawafundisha hivyo hivyo.

Mkazi wa Liverpool

Nilipofika Uingereza nilianza jikoni, kumenya viazi. Mpishi mzee kila siku analeta gunia anasema leo kuna ma-murphy, nami nikajua ni aina ya kiazi, nikawa nasema hivyo hivyo. Siku moja kijana mmoja wa pale akaniita pembeni, akanieleza taratibu kwamba jina la ukoo wao ndo hilo. Maskini wa Ayalandi walikuwa wanaishi kwa viazi, 1845 ukaingia ugonjwa wa ukungu viazi vikaoza ardhini, miaka michache watu kama milioni moja wakafa na wengine milioni na zaidi wakapanda meli, wengi walishukia hapa hapa Liverpool. Na hata kabla ya njaa hiyo Waingereza walishachukua jina lao la kawaida wakakiita kiazi kwa jina hilo. Wapo wanaolitamka bila ubaya wowote, ila mimi sijalitamka tena, mtu amekimbia njaa halafu jina la babu yake liwe chakula kilichomkosa, hapana.

Mpwani

Nesi umenigusa. Hiyo Ó ni mjukuu, na ile Mac ndo bin yetu. Mfalme wa Leinster, mashariki mwa Ayalandi, aliyeng'olewa 1166 halafu akawaita Wanormani, wababe wa vita waliokuwa wanatawala Uingereza, wamsaidie kurudi, wakatua 1169, aliitwa Diarmait Mac Murchada, yaani ni jina hilo hilo la Murchadh. Baadaye chini ya utawala wa Kiingereza hizo Ó zikawa zinaachwa. Mwishoni mwa karne ya 19 watu wakaanza kuzirudisha, ndo maana mnaona O'Brien, O'Connor, lakini kina Murphy kwa Kiingereza walibaki hivyo hivyo, mjukuu wa hakurudi. Mimi pasipoti yangu ofisi moja iliondoa bin bila kuniuliza, marehemu baba aliishika akaisoma mara mbili halafu akanirudishia kimya. Inauma jamani.

Mama Wawili

Mi nimeolewa na Murphy, tuko Wexford huku huku Ayalandi, asili yangu Kisumu. Watoto tukawapeleka shule inayofundisha kwa Kiayalandi. Siku ya kwanza naletewa rejista, mvulana ameandikwa Ó Murchú, ndo ile Ó Murchadha kwa tahajia ya siku hizi, msichana Ní Mhurchú, nikasema hapana, hawa ni tumbo moja, mbona mmewapa majina tofauti? Nilidhani wamekosea na nilikasirika kweli. Mwalimu akakaa nami chini akanieleza: Ó ni ya mwanamume, binti ambaye hajaolewa ni Ní, na M ikifuatwa na h inalainika inakuwa kama v au w. Halafu akanigeukia, na wewe ni Bean Uí Mhurchú, mke wa mjukuu wa Murchadh. Jina moja la mlangoni, ndani ya nyumba yako matatu! Msichana wangu ndo anapenda zaidi, anasema langu linaonyesha mimi ni msichana, Murphy haionyeshi kitu.

Nesi wa Tanga

Mama Wawili, leo asubuhi nimelijaribu kwa bibi mmoja wa kitanda cha dirishani, nikamwamkia Bean Uí Mhurchú. Alikuwa hajaongea tokea juzi. Akanisahihisha hiyo v mara mbili, akataka nirudie, nikarudia, akasema mama yake aliitwa hivyo na padri tu. Halafu akaomba chai.