Timu ya kriketi ya Kenya: wawili wakitoka, waliobaki wanakuja kupunga upepo tu

Wadau, salamu baadaye. Kwanza niteme nyongo.

Tarehe 2 Oktoba 2025 tulikaa watu sita kwenye baraza hapa Shela, Malindi, tumeizunguka simu moja iliyopasuka kioo, tunawatazama vijana wetu wakicheza na Zimbabwe kule Harare. Nusu fainali ya Afrika. Si mechi ya kirafiki ile. Anayeshinda anakata tiketi ya Kombe la Dunia la ova 20 la 2026, India na Sri Lanka. Tukamaliza ova zetu, yaani zamu za mipira sita sita, na mbio 122, wiketi sita chini, maana yake wapigaji sita washatolewa. Katika hizo 122, Rakep Patel peke yake ana 65. Haya, hesabu na mimi: wenzake wote, ukiwajumlisha pamoja na mbio za ziada tulizopewa bure, ni 57. Timu nzima haikumfikia mtu mmoja! Zimbabwe wakaingia, wakazifuta hizo mbio wakiwa na wiketi 7 mkononi, na muuza kahawa birika lake bado la moto.

Msiniambie habari ya Zimbabwe kuwa nchi ya Test, zile zenye hadhi ya kucheza mechi za siku tano. Naijua. Kufungwa si aibu, kila mtu hufungwa. Ninachouliza ni kitu kimoja: namba tano wetu, yule wa zamu ya tano kupiga, ni nani? Namba sita? Namba saba? Nawauliza nyie mnaofuatilia, si wapita njia. Nitajieni mtu ambaye akiingia tuko 40 kwa wiketi nne, roho zenu zinatulia.

Kimya, eeh?

Wateuzi wetu wana ugonjwa wa olraunda. Kijana anarusha kidogo, anapiga kidogo, miguu myepesi, basi huyo ndani. Ukiwa naye mmoja ni mali. Ukiwapanga watatu wanne mfululizo umepika chai ya rangi ukaitia maziwa kijiko kimoja: si ya rangi, si ya maziwa. Wapigaji wa kweli wanaishia namba tatu, kuanzia hapo ni mkia, wasiojua kupiga. Mkia mrefu kuliko ng'ombe mwenyewe.

Wazee wa baraza nikisema hivi wana jibu la neno moja: Pune, ule ushindi wetu wa Kombe la Dunia kule India. Na mimi Pune naipenda, wallahi. Tarehe 29 Februari 1996, West Indies yenye Brian Lara, mpigaji hatari, wote nje kwa 93. Maurice Odumbe wiketi tatu kwa mbio 15, yaani kawatoa watatu kawaachia mbio 15 tu, Rajab Ali tatu kwa 17, Lara mwenyewe kadakwa na Tariq Iqbal nyuma ya vijiti, ana 8. Sawa. Lakini geuza kadi utazame upande wetu. Tulipiga 166, na jina lililoongoza pale halikuwa la binadamu. Ziada! Mbio 37 za ziada. Aliyefuata ni Steve Tikolo, 29. Yaani siku yetu tukufu kuliko zote, mpigaji wetu bora alikuwa makosa ya West Indies. Warushaji ndio waliotutoa kimasomaso, na sisi tukajiaminisha kwamba 166 zitatosha mpaka Kiyama.

Na si kwamba hatujawahi kuwa na wapigaji. Oktoba 1997, Nairobi, Dipak Chudasama 122 na Kennedy Otieno 144 walifungua dhidi ya Bangladesh wakasimama pamoja mpaka mbio 225. Tulifika 347 kwa wiketi tatu. Mwaka uliofuata, Gwalior, tukaifunga India kwao kwa mbio 69, Odumbe akiwa na 83. Watu wale walijua kukaa. Unamuona mtu anaacha mpira upite, anapiga hatua, anautengeneza udongo kwa ncha ya bati lake la kupigia mpira, anarudi. Hana haraka. Sisi leo mtu akiacha mipira miwili ipite, pembeni huko wanamfokea kama kaiba kuku.

Kilichofuata mnakijua. Kombe la Dunia, Chennai 2011, New Zealand wakatutoa wote kwa 69, wakazifikisha kwa ova 8 bila kupoteza wiketi hata moja. Tikolo alikuwa na miaka 39, na bado tulikuwa tunamtazama yeye. Katika maafa yale kulikuwa na kijana mmoja aliyebaki na 16 bila kutolewa. Unajua ni nani? Rakep Patel. Huyo huyo wa Harare. Miaka 14 imepita, wapigaji wameingia na kutoka kama abiria wa tuktuk, na anayezuia nyumba isianguke ni yule yule. Kwake ni sifa. Kwetu ni nini?

Halafu kuna jambo la mwaka huo huo wa 2011 ambalo wateuzi wangelibandika ukutani. Bangalore, dhidi ya Australia, Collins Obuya alimaliza ova zikiwa zimeisha, ana 98, hajatolewa. Tulipiga 264 kwa wiketi sita mbele ya Australia! Sasa kumbuka Obuya alitokea wapi. 2003, Nairobi, alipowavunja Sri Lanka kwa wiketi tano kwa mbio 24, alikuwa anajulikana kwa kuzungusha mpira, si kwa bati. Ilichukua miaka minane. Mpigaji hupikwa, jamani, tena kwa moto mdogo. Naye hupikwa kwa mechi ndefu, kwa kukaa juani muda wa saa tatu nzima. Tangu tulipopoteza hadhi ya mechi rasmi za siku moja mwaka 2014, nani anampa kijana wetu saa tatu? Anapewa mipira kumi, akionyesha misuli anasifiwa.

Hili la mipira kumi silisemi kwa kusikia.

Hapa mtaani nawafundisha vijana kidogo, Jumamosi baada ya Asri, kwenye kipande cha saruji ambacho zamani kilikuwa sakafu ya banda. Mpira wa tenisi tunaufunga tepu, bati la kwanza tulichongewa kwa mbao ya mwembe. Yupo mmoja anapiga kwa kushoto, wa miaka 17. Mtoto huyo humtoi. Mwezi wa Ramadhani alikaa siku mbili bila kutolewa, wenzake wakachoka wakamwomba atoke tu nao wapate zamu. Basi tukasikia kuna majaribio ya vijana, Mombasa. Habari yenyewe ilitufikia usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa ujumbe uliotumwa na mtu aliyetumiwa na mtu. Tukachanga nauli, alfajiri tuko stendi.

Kufika, vijana wamejaa, kila mmoja mipira 12. Wangu hana glavu, akaazimwa za mkono wa kulia, kidole gumba kikakaa nje kama cha mtu anayeomba lifti. Mipira mitatu ya kwanza akaiacha, ilikuwa nje ya vijiti. Mitano akaizuia, tak, tak, bati limenyooka. Miwili akaisukuma pembeni, mbio moja moja. Wa kumi na moja akaupiga hadi mpakani, mbio nne, chini chini, safi. Wa mwisho akauzuia. Hakutolewa. Aliyemfuata alipiga sita mbili, mipira ya kuvuka mpaka hewani, watu wakapiga makofi, wa nne ukang'oa vijiti vyake vyote. Akasimamishwa tena, ukang'oa tena. Nani alichukuliwa? Msinichekeshe.

Njiani, gari liliposimama Kilifi, nikamnunulia korosho. Hakuzila. Akaniuliza, "Ami, kwani nilitakiwa nitoke?"

Nilikosa la kumjibu, na mimi si mtu wa kukosa maneno.

Sasa mtu aje aniambie hatuna vipaji. Watu wanaojua kukaa tunao, ila wateuzi hata kadi tupu ya kuwaandikia hawana. Mwandikieni kila mpigaji amekabili mipira mingapi na ametolewa mara ngapi, muibandike ukutani tuione sote. Mpeni ova kumi za kweli, na mrushaji wa kweli, na wiketi nne zimeshaanguka, ndipo mseme huyu anafaa au hafai. Haihitaji mfadhili hiyo. Kalamu tu.

NYONGEZA, baada ya Isha: Nimeyaona majibu. Wewe uliyeandika "Malindi na kriketi wapi na wapi, rudini kwenye samaki", samaki tunavua na kriketi tunacheza, siku ina saa nyingi. Na aliyesema kriketi ya sasa ni ya sita, aliyekaa atatupa mechi: kaka, turudi Harare. Zile 65 za Rakep zilitoka wapi kama si kwa kukaa? Angetoka mapema kwa kutafuta sita, tungefika hata 90? Hata hao wapiga sita wanahitaji mtu wa upande wa pili ambaye hatoki. Ova 20 ni mipira 120. Ukitolewa mapema mipira yako wanaipiga mkia, nimeshasema mkia wetu ukoje.

Aliyeniandikia kando kuniuliza kama kijana bado anacheza: anacheza. Jumamosi hii kaskazi ilikuwa inavuma, tepu inabanduka kila ova, na yeye kasimama tu. Kama kuna mwenye glavu za kupigia za mkono wa kushoto, hata za zamani, hata zimetoboka, anitumie ujumbe. Nauli ya bodaboda nitalipa mimi.