Msaada: laptopu ya slaidi za kisayansi na kuhariri picha za darubini, bajeti milioni 1.5

mwani_pwani
Wakuu, habari zenu. Niko Tanga mjini, natengeneza slaidi za mwani na mikoko: picha za darubini, za kamera ya megapikseli 24, na grafu. Dukani kuna mbili za mtumba, bei zimekaribiana. Moja ina prosesa ya i7, RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 8, na kadi ya picha ya gemu. Nyingine ThinkPad T480 ya i5, RAM GB 16. Nibebe ipi?

Darubini
T480, tena bila kufikiri mara mbili. Piga hesabu: pikseli milioni 24, kila moja rangi tatu, kwa biti 16 kila rangi baiti mbili. Tabaka (layer) moja tu la picha ni MB 144. Yakiwa kumi umegusa GB 1.4, na Windows ilishakula yake kabla hujafungua kitu. Kwa GB 8 mashine inaanza kuazima nafasi kwenye diski, ndipo kishale kinaganda. Kadi ya gemu haisaidii hapo. GIMP (programu ya kuhariri picha) na ImageJ (ya kupima picha za darubini) zinategemea zaidi prosesa na RAM.

Hakikisha tu si T480s. Hiyo "s" ina maana: RAM imechomelewa kwenye bodi, nafasi ya kuongeza ni moja. T480 ya kawaida ina mbili. Na hiyo i7 ni kizazi cha ngapi? Chini ya cha nane, Windows 11 haiitambui rasmi.

fundi_ngamiani
Mkuu, kioo ndipo watu wanapopigwa. T480 nyingine zina kioo cha 1366 × 768, ukikiinamisha kidogo rangi zinageuka. Hata cha IPS (aina isiyogeuza rangi ukikiinamisha) cha 1920 × 1080, vingi ni asilimia 45 NTSC, yaani vinaonyesha rangi chache: nyekundu inakuwa kama tofali. Ukihariri rangi humo utazidisha, halafu kwenye monita nzuri picha inawaka kama kanga mpya. Bakiza hela ya monita ya IPS inchi 24, inayoonyesha asilimia 99 ya sRGB (rangi sanifu za kompyuta).

Kabla ya kulipa, andika powercfg /batteryreport kwenye Command Prompt. T480 ina betri mbili, ya ndani na ya nje. Soma uwezo uliobaki wa zote. Na ukifika nyumbani usiiweke dirishani, upepo wa bahari una chumvi.

slaidi_safi
PowerPoint hubana picha ukisevu. Kabla ya kuingiza hata moja: File, Options, Advanced, weka tiki "Do not compress images in file". Ni kwa kila faili. Projekta ya 1920 × 1080 haihitaji picha pana kuliko pikseli 1920, kwa hiyo punguza nakala. Faili ya asili ya picha (TIFF) usiiguse.

Usiandike "mara 400" chini ya picha. Ikishatandazwa ukutani, hiyo 400 ni uongo. Chora mstari wa kipimo kwa ImageJ: Analyze, Set Scale, kisha Tools, Scale Bar. Ukuze picha utakavyo, mstari unakua nayo. Na nyekundu juu ya kijani acha, wapo wasiozitofautisha. Tumia majenta na kijani.

mwani_pwani
Ahsanteni sana. Projekta za zamani zenye VGA (tundu la waya la kizamani) je?

fundi_ngamiani
T480 haina VGA, ina HDMI. Chukua adapta yenye chipu ndani. Waya mtupu wa HDMI kwenda VGA hautoi kitu, moja ni dijitali na nyingine analogi.