Kugeuza tovuti iwe programu ya kompyuta: Chrome, Safari au Nativefier?

tabo_nyingi: Wakuu naomba ushauri. Barua pepe, kalenda na chati za kazini zote nafungulia kwenye brauza, ikifika mchana tabo zimebanana hata siioni ninayoitaka, nikikosea kufunga dirisha moja vyote vinaondoka. Nataka kila kimoja kiwe na dirisha lake na ikoni yake. Nianze na ipi?

fundi_msimbo: Chrome au Edge mkuu, huna cha kudownload. Kwenye Chrome bonyeza vile vidoti vitatu, utakuta sehemu ya kusakinisha ukurasa kama programu, kwisha. Injini ni ileile ya brauza, kwa hiyo brauza ikiapdeti nayo imeapdeti, na login zako unazikuta humohumo.

Nyuki: Hiyo ya login ina upande wa pili. Kama una akaunti ya kazi na ya binafsi kwenye tovuti moja zitagombana, maana kuki (vifaili vinavyokumbuka umelogini) ni za profaili moja, yaani mtumiaji mmoja ndani ya brauza. Tengeneza profaili ya pili kwanza ndo usakinishe ukiwa humo. Wa Mac kuanzia macOS Sonoma ya 2023 Safari inakuwekea tovuti kwenye Dock (ule mstari wa ikoni chini ya skrini), inanakili kuki mwanzoni tu, baada ya hapo Safari na programu hiyo kila moja na zake. Mimi hapo naipa Safari.

tabo_nyingi: Na Nativefier je, ile zana ya kugeuza tovuti iwe programu? Naona wengi wanaisifia

fundi_msimbo: Hapana, achana nayo kabisa. Mradi ulifungwa 2023, halafu inatumia Electron, yaani kila programu unayotengeneza inabeba Chromium (brauza ambayo Chrome imejengwa juu yake) nzima ndani yake, ukiwa nazo tano umebeba tano. RAM unaweza kuvumilia ila usalama hapana, Chromium ile inabaki ya siku uliyotengeneza, matundu yanazibwa kwenye Chrome wewe huku hayakufikii, na humo ndo unaingiza paswedi ya barua pepe!

kijiti: Kuna zana nyingine kama hiyo, Pake, ni nyepesi, inatumia webview ya mfumo wenyewe (kionyesha kurasa kilichomo tayari kwenye kompyuta), ila login ya Google inaweza kugoma. Wa Linux Mint mna Webapp Manager, inakubali hata Firefox.

tabo_nyingi: Nimewaelewa, nachukua Edge na profaili mbili. Nikija kuifuta programu, data zinabaki?

Nyuki: Wakati wa kufuta kuna kiboksi kinauliza kama ufute na data za tovuti. Ukikitiki, hata kwenye brauza ya profaili hiyo utalogini upya.