Baa za waini Dar, acheni kutuuzia siki kwa bei ya waini

Wakuu, salamu. Huu uzi ni wa povu, asiyependa povu apite kimyakimya.

Hizi baa za waini zinazofunguliwa kila kukicha Masaki na Mikocheni zinajua kupamba ukuta, waini zenyewe haziijui. Kero namba moja ni ile chupa ya kuuzia glasi. Inafunguliwa Ijumaa, inarudishiwa kizibo kwa kidole gumba, inakaa kaunta chini ya taa mpaka Jumanne, halafu mteja anamiminiwa na kulipishwa bei kamili. Nyekundu iliyozibwa vizuri ikalala kwenye friji inavumilia siku 3 hadi 5. Ukiiacha kwenye joto la nyuzi 30, hewa inaimaliza mapema mno: harufu ya matunda inapotea, bakteria wanageuza kilevi kuwa asidi ya siki, na ukiinusa unakutana na dawa ya kutolea rangi ya kucha. Nyeupe yenyewe inaingia ukahawia na ladha ya tofaa lililomenywa jana. Ukilalamika unaambiwa "bosi, waini ndivyo ilivyo". Ndivyo ilivyo wapi?

Halafu wimbo wa "nyekundu haiwekwi kwenye friji, inanywewa kwa joto la chumba". Chumba kinachosemwa hapo ni cha Ulaya, nyuzi 16 hadi 18, na nyie mmetukalisha kibarazani Msasani mwezi Februari! Nyekundu ikipata joto, kilevi kinatangulia puani na kufunika kila kitu. Ndoo ya barafu inatosha kabisa: barafu nusu, maji nusu, chupa izame mpaka shingoni. Nyekundu dakika 10 hadi 15, nyeupe 20 hadi 30. Maji ni lazima, kwa sababu barafu bila maji inagusa chupa sehemu chache na kupoza kwa kusuasua. Nyie mnaleta barafu tupu, mteja akisema bado ina joto mnamtumbukizia vipande ndani ya glasi.

Vipimo sasa. Chupa ni mililita 750, yaani glasi 5 za 150. Marafiki watano mkichukua glasi mojamoja, mmeshanunua chupa nzima. Tuseme chupa ni elfu 60 na glasi elfu 15 ya mililita 125: baa inatoa glasi 6, inakusanya elfu 90, na nyie mmekunywa mabaki ya wengine. Agizeni chupa, ifunguliwe mezani. Anayeng'ang'ania glasi aulize imefunguliwa lini na aonyeshwe chupa.

Na ule mmimino mdogo wa kuonja, unaopewa chupa ikifunguliwa, upo kwa ajili ya kutafuta kasoro. Ikinuka kadibodi lililoloa, kizibo kimeiharibu, irudi ilikotoka, na mhudumu asinune. Kabla ya hapo papasa mdomo wa chupa: kizibo kilichopanda juu, au michirizi ya waini inayonata chini ya lakiri (ganda linalofunika kizibo), ni dalili kwamba chupa ilipikwa na joto stoo au njiani.

Kinachoudhi zaidi ni menyu. Kurasa nzima za Afrika Kusini, Dodoma haipo, au ipo imeandikwa "local sweet". Dodoma inavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, ina aina za zabibu kama Makutupora nyekundu na Chenin Blanc nyeupe, na treni ya SGR kutoka Dar inafika huko kwa saa nne au pungufu. Andikeni aina ya zabibu, mwaka wa mavuno, na kama ni kavu (isiyo na utamu) au tamu. Tena Chenin nyepesi ya bei nafuu inataka kunywewa ikiwa changa. Kumuuzia mtu ya miaka sita iliyokaa rafu ya dirishani kwa maneno ya "ya zamani ndiyo tamu" ni utapeli.

Wanaojua baa inayobandika tarehe ya kufunguliwa kwenye chupa za glasi, wekeni jina na mtaa hapa chini. Wenye baa mliomo humu, mnakaribishwa kujitetea.